UZI: 2,147,483,647, namba tasa iliyojaa kwenye databesi zetu, na jinsi Euler alivyoithibitisha bila kompyuta

Mkokotozi

Wakuu habari za jioni. Huu uzi nilikuwa naupanga muda mrefu, leo nimepata nafasi, naomba tuvumiliane maana utakuwa mrefu kidogo.

Chanzo chake ni kazi. Miaka ya nyuma nilitengeneza mfumo mdogo wa wateja kwa ofisi moja, mambo ya kawaida tu, jina, namba ya simu, tarehe ya malipo. Mwanzoni tulikuwa tunaandika namba ya simu kwa kuanzia na 7, mfano 712345678, safu ya simu nikaiweka aina ya namba nzima ya kawaida, kila kitu kikaenda vizuri. Baadae wakasema wanataka kutuma meseji kwa mpigo, kwahiyo namba zote zianze na 255. Nikabadilisha fomu, nikaacha safu vilevile. Wiki moja baadae napigiwa simu, wateja wote wapya wana namba moja ya simu. Nafungua jedwali naona kweli, mstari kwa mstari kwa mstari: 2147483647, 2147483647, 2147483647. Watu zaidi ya mia, namba moja, na namba zao halisi zimepotea, ikabidi ofisi ianze kuwatafuta kwenye makaratasi mmoja mmoja. Iliniuma sana ile siku.

Sababu ni kwamba safu ya namba nzima ya biti 32 (biti ni nafasi moja ya 0 au 1) ina kikomo. Biti moja inashika alama ya hasi au chanya, zinabaki 31, na namba kubwa kuliko zote inayoingia humo ni 2 kipeo cha 31 toa 1, yaani 2,147,483,647. Ukileta 255712345678 haiingii, ni mara mia na zaidi ya kikomo, databesi yangu jinsi ilivyokuwa imewekwa ikakata pale juu kabisa bila kupiga kelele.

Sasa kilichonifanya niandike ni kitu nilichokuja kujua usiku ule ule wakati natafuta ile namba ni nini hasa. Ile namba ni TASA. Haigawanyiki kwa namba yoyote isipokuwa 1 na yenyewe. Na aliyethibitisha ni mwanahisabati Mswisi Leonhard Euler mwaka 1772, akiwa St. Petersburg, macho yake karibu hayaoni kabisa, na aliieleza kwenye barua aliyomwandikia mwanahisabati mwenzake Bernoulli. Hakuna kalkuleta, hakuna kitu. Nataka tuone ALIFANYAJE, maana njia yenyewe mtu wa kidato cha nne anaifuata mpaka mwisho.

---

Sauti ya Kijiweni

Mkuu hiyo ya namba za simu imenikumba mimi pia, Nairobi huku na 254 yetu ni yale yale. Sikujua kumbe ni prime, sisi tunaita nambari tasa pia. Endelea bana, tumekaa mkao.

---

Mkokotozi

Haya tuendelee.

Njia ya kawaida ya kujua kama namba ni tasa, unaigawa kwa 2, 3, 5, 7, 11 na kuendelea, mpaka ufike kipeuo chake cha pili. Huna haja ya kupita hapo, kwasababu kama namba ina vigawo viwili vinavyozidishana kuipata, vyote viwili haviwezi kuwa vikubwa kuliko kipeuo. Kipeuo cha pili cha 2,147,483,647 ni 46,340 na pointi. Tasa zilizo chini ya hapo ziko 4,792. Yaani ugawe namba ya tarakimu kumi mara 4,792 kwa mkono, na ukikosea mmoja tu kazi yote haina maana.

Euler hakugawa mara 4,792. Alikaa akajiuliza kwanza, hivi kama hii namba ingekuwa na kigawo, hicho kigawo kingekuwa na sura gani? Akagundua kwamba kigawo chochote cha 2^31 toa 1 (2^31 ni kifupi cha 2 kipeo cha 31) lazima, ukikigawa kwa 248, kiache baki ya 1 au ya 63. Hakuna kingine. Tasa nyingine zote zinatupwa nje bila hata kuzigusa.

Ukigawa tasa kwa 248 zinaweza kuacha baki za aina 120 tofauti, na zinajigawa karibu sawasawa kwenye hayo makundi. Sisi tunahitaji makundi mawili tu. Kwahiyo 4,792 gawa kwa 120 zidisha 2, unapata kama 80 hivi. Kutoka 4,792 mpaka kama 80. Hapo mtu asiyeona vizuri na mwandishi wake pembeni wanaweza kumaliza.

---

Kapu la Maswali

Samahani wakuu mimi ni wa biashara sio wa sayansi lakini nimeanza kufuatilia, hiyo 248 imetoka wapi? Usituruke hapo maana naona ndo penyewe.

---

Mkokotozi

Ndo penyewe kabisa, wala sikuruki. 248 ni 8 mara 31. Zipo sheria mbili zimekutana hapo, moja ya 31 na moja ya 8. Naanza na ya 31.

Tutumie mfano mdogo ambao unaushika wote mkononi. 2 kipeo cha 11 toa 1 ni 2,047. Hii sio tasa, ni 23 mara 89. Chukua 23. Anza na 1, uwe unazidisha kwa 2 kila hatua, ukizidi 23 unatoa 23:

1, 2, 4, 8, 16, 9, 18, 13, 3, 6, 12, halafu 24 toa 23 unarudi 1.

Hesabu ziko ngapi. Kumi na moja. Ni duara, kama watoto wameshikana mikono. Na lazima liwe la 11 kwasababu 23 inagawa 2^11 toa 1, maana yake baada ya kuzidisha mara 11 unarudi kwenye 1.

Sasa namba gani chini ya 23 hazijaingia kwenye duara? 5 haimo. Anza nayo:

5, 10, 20, 17, 11, 22, 21, 19, 15, 7, 14, halafu 28 toa 23 unarudi 5.

Tena kumi na moja! Na zimeisha, namba zote kuanzia 1 mpaka 22 zimegawanyika kwenye maduara mawili ya watu 11 kila moja. Hakuna aliyebaki nje, hakuna aliyeingia mara mbili. Kwahiyo 22 lazima igawanyike kwa 11. Yaani kigawo toa 1 lazima kigawanyike kwa 11. Cheki na 89: toa 1 ni 88, 11 mara 8, maduara manane.

Kwa 31 ni hivyo hivyo. Tuseme kuna tasa q inayogawa 2^31 toa 1. Ukianza na 1 ukawa unazidisha kwa 2, baada ya hatua 31 unarudi. Je unaweza kurudi mapema zaidi? Ungerudi baada ya hatua kadhaa ambazo zinaigawa 31, na 31 yenyewe ni tasa, kwahiyo ni 31 au ni 1, na hatua moja haiwezekani maana 2 sio 1. Basi kila duara lina watu 31, na q toa 1 inagawanyika kwa 31. Vilevile q ni witiri, kwahiyo q toa 1 ni shufwa, inagawanyika kwa 62.

Angalia ilivyokaa: kwamba 31 ni tasa ndo kunabana vigawo vya 2^31 toa 1.

---

Mwl. Kidato

Mkokotozi umefundisha vizuri sana hapo kwenye maduara. Mimi nafundisha hisabati sekondari, miaka yote nilikuwa natoa hii kama kanuni ya Fermat wanafunzi wanakariri wanasahau. Kesho naweka hizo namba za 23 ubaoni.

Naomba nirekebishe kitu kabla mtu hajapotea humu, maana najua swali linakuja. 2 kipeo cha tasa toa 1 SIO kila mara tasa. Huo mfano wa 2,047 ndio unaovunja hiyo imani, 11 ni tasa lakini 2,047 sio. Kinyume chake ndio kweli: ili 2^n toa 1 iwe tasa, ni lazima n yenyewe iwe tasa. Hata padri Marin Mersenne, Mfaransa ambaye hizi namba zinaitwa kwa jina lake, mwaka 1644 alitoa orodha ya vipeo mpaka 257 akateleza. Aliweka 67 na 257 ambazo hazimo, akaacha 61, 89 na 107 ambazo zimo. Ila 31 aliipatia, lakini kuipatia ni kitu kimoja na kuthibitisha ni kingine, ilisubiri miaka 128 mpaka Euler.

---

Kapu la Maswali

Nimeelewa maduara!! Asante sana. Nimechukua karatasi nikafanya na 89 kweli maduara manane, nimetumia karibu nusu saa lakini yametimia yote. Sasa ile ya 8?

---

Mkokotozi

Safi sana, kufanya mwenyewe ndo inaingia.

Ya 8. Angalia hii namba kwa jicho lingine. 2^31 ni 2 mara 2^30, na 2^30 ni 2^15 kipeo cha pili. 2^15 ni 32,768. Kwahiyo

2,147,483,647 = 2 × 32,768 × 32,768, toa 1.

Ina sura ya "mara mbili ya kipeo cha pili, toa moja". Sasa chukua namba za sura hiyo ndogondogo uzichambue uone vigawo vyake:

2×2×2 toa 1 = 7
2×3×3 toa 1 = 17
2×4×4 toa 1 = 31
2×5×5 toa 1 = 49, ambayo ni 7×7
2×6×6 toa 1 = 71
2×9×9 toa 1 = 161, ambayo ni 7×23
2×12×12 toa 1 = 287, ambayo ni 7×41

Kusanya tasa zilizotokea: 7, 17, 23, 31, 41, 71. Zigawe zote kwa 8. Zinaacha 7, 1, 7, 7, 1, 7. Hutaona 3 wala 5 hata ukae hapo mwaka mzima, yaani tasa kama 3, 5, 11, 13, 19, 29 haziwezi kamwe kugawa namba ya sura hiyo. Uthibitisho wake kamili ni mrefu kidogo kuliko wa maduara siuweki hapa, lakini ni sheria iliyothibitishwa, mtu wa chuo anaijua.

Unganisha zote mbili: baki ya 1 kwa 31, na baki ya 1 au 7 kwa 8. Zinazotimiza yote kwa pamoja ni zile zinazoacha 1 au 63 ukigawa kwa 248. Maana 63 kwa 31 inaacha 1, na 63 kwa 8 inaacha 7. Ndo hiyo 248 uliyouliza.

---

Sauti ya Kijiweni

Sasa hebu tuonyeshe hizo themanini, hata chache za mwanzo, tuone kazi yenyewe ilikuwaje.

---

Mkokotozi

Twende. Kundi la kwanza, baki 1: 249, 497, 745, 993, 1241, 1489. Toa zisizo tasa. 249 ni 3×83, 497 ni 7×71, 745 inaishia na 5, 993 ni 3×331, 1241 ni 17×73. Inabaki 1489 peke yake.

Kundi la pili, baki 63: 63, 311, 559, 807, 1055, 1303. 63 sio tasa, 559 ni 13×43, 807 ni 3×269, 1055 inaishia na 5. Zinabaki 311 na 1303.

Kwahiyo kati ya tasa zote 239 zilizo chini ya 1500, tunajaribu TATU tu. Tatu!

2,147,483,647 gawa kwa 311 = 6,905,092 baki 35
gawa kwa 1303 = 1,648,107 baki 226
gawa kwa 1489 = 1,442,232 baki 199

Hakuna hata moja inayoingia sawasawa. Ukiendelea hivi mpaka 46,340 ukakuta zote zinaacha baki, namba ni tasa, kazi imekwisha.

---

Dada Tarakimu

Hamjambo humu. Mimi nasoma hisabati mwaka wa tatu, nimepita nikaona huu uzi nikashindwa kupita kimya kimya.

Kaka Mkokotozi hata huko kugawa namba ya tarakimu kumi hakuna haja, na umeshaiandika mwenyewe ile sura ya 2 × 32,768 × 32,768 toa 1. Tunachotaka ni baki tu. Kwahiyo tafuta baki ya 32,768 kwanza, izidishe yenyewe kwa yenyewe, mara mbili, toa moja. Mfano 1489:

32,768 toa 22×1489 (ni 32,758) inabaki 10. 10×10 ni 100. Mara mbili ni 200. Toa moja ni 199.

Baki 199, ileile uliyoipata. Ni hesabu ya kichwani kabisa! Na 1303:

32,768 toa 25×1303 inabaki 193. 193×193 ni 37,249, toa 28×1303 inabaki 765. Mara mbili 1,530, toa 1303 inabaki 227. Toa moja ni 226.

Sisemi Euler alifanya hivi, mimi naonyesha tu kwamba ukiijua sura ya namba, ukubwa wake hausumbui tena. Mtu mmoja na daftari anamaliza zote wikendi moja.

---

Mkokotozi

Dada umenifundisha kitu leo. Hiyo ya 1489 nimeirudia mara tatu, baki 10 imekaa vizuri mno. Nimeandika daftarini.

---

Mzee wa Ukweli

Nimesoma wote mpaka hapa na nawapongeza vijana. Lakini niulize kwa nia njema kabisa, hii inasaidia nini? Tunajua ni tasa, halafu? Kwenye databesi ingekuwa sio tasa ingebadilika nini?

---

Mkokotozi

Mzee wangu shikamoo. Swali lako lina haki yake, na hujawa wa kwanza. Mwaka 1811 Mwingereza Peter Barlow aliandika kuhusu namba kamilifu inayotokana na hii tasa yetu (2^30 mara 2,147,483,647, unapata 2,305,843,008,139,952,128, ambayo ukijumlisha vigawo vyake vyote kasoro yenyewe unairudisha yenyewe) akasema pengine hiyo ndiyo kubwa kuliko zote zitakazowahi kupatikana, kwasababu ni za kufurahisha tu hazina faida na hakuna atakayejisumbua kutafuta zaidi.

Kwenye kikomo cha databesi ni kweli, utasa hauna kazi, ni bahati tu kwamba 31 ni kipeo kizuri. Lakini kuna sehemu una kazi kubwa. Kompyuta ikitaka namba za bahatinasibu, za kuchezesha gemu au kuiga foleni ya magari, njia mojawapo ya zamani na rahisi ni hii: chukua namba, zidisha kwa 16,807, gawa kwa 2,147,483,647, baki ndo namba yako mpya. Rudia. Ukianza na 1 unapata 16,807, kisha 282,475,249, kisha 1,622,650,073, na kuendelea. Wataalamu wa kompyuta Park na Miller mwaka 1988 walipendekeza hii iwe kiwango cha chini ambacho kila mtu aanzie.

Kwanini ile tasa? Ni maduara yaleyale mzee. Hapo juu tulizidisha kwa 2 tukapata maduara ya 31. Lakini 16,807 ni 7 kipeo cha 5, na 7 ina tabia kwamba ukizidisha nayo unapita namba ZOTE kuanzia 1 mpaka 2,147,483,646 kabla ya kurudi ulipoanza. Duara moja tu, la watu zaidi ya bilioni mbili, hakuna anayerukwa. Duara la namna hiyo, la kupita kila mtu, linawezekana kwasababu namba ni tasa. Ingekuwa na vigawo lisingefungika, ungezunguka kwenye vijiduara.

(Kwa mambo ya siri na nywila usitumie hii, ni rahisi kutabirika, ipo ya kuigia tu.)

---

Sauti ya Kijiweni

Na pesa za simu na benki nasikia zinalindwa na prime, ni hizi hizi?

---

Dada Tarakimu

Hapana kaka, hii ni ndogo mno. Njia inayoitwa RSA inachukua tasa mbili za siri, kila moja kama tarakimu 300, inazizidisha, na usalama wote uko kwamba hakuna ajuaye kuzitenganisha tena kwa haraka. Tasa za Mersenne hazifai hapo kwasababu ziko chache na kila mtu anazijua, na kitu cha siri kikijulikana kimekwisha. Ila ndugu yake mkubwa, 2^521 toa 1, anatumika waziwazi kwenye aina nyingine ya usimbaji (kuficha taarifa), inayotumia hesabu za mistari ya mikunjo, kwasababu kugawa kwa namba ya sura hiyo kompyuta inafanya haraka sana, inakata biti na kujumlisha tu.

---

Mwl. Kidato

Niongeze la njia, maana baada ya Euler haikuishia kwenye kugawa. Mfaransa Édouard Lucas mwaka 1876 alithibitisha 2^127 toa 1, tarakimu 39, bila kujaribu kigawo hata kimoja. Baadae Mmarekani Derrick Lehmer miaka ya 1930 akaiweka njia vizuri zaidi. Ni hivi: anza na 4. Zidisha yenyewe kwa yenyewe, toa 2, gawa kwa namba unayoipima, chukua baki. Rudia mara p toa 2, p ni kile kipeo cha 2. Ukipata sifuri ni tasa, usipopata sio.

Kwa 127, ambayo ni 2^7 toa 1, hatua ni tano: 4, halafu 14, 67, 42, 111, na ya tano ni 0. Tasa. Kwa 2,147 milioni yetu ni hatua 29 tu.

Ndiyo njia iliyobeba kazi ya kutafuta tasa kubwa kwa miaka mingi, na mpaka leo ndiyo ya kuhakikishia, kwenye ule mradi wa intaneti wa GIMPS ulioanzishwa na George Woltman mwaka 1996 ambapo watu wa kawaida wanachangia kompyuta zao. Oktoba 2024 walitangaza 2^136,279,841 toa 1, aliyeipata ni Luke Durant wa Marekani kwa kutumia kadi za michoro zilizosambaa nchi nyingi. Ina tarakimu 41,024,320.

---

Kapu la Maswali

Swali langu la mwisho naahidi. Kama 31 ni tasa na 2^31 toa 1 ni tasa, je tukiweka hiyo kubwa yenyewe iwe kipeo? 2 kipeo cha 2,147,483,647 toa 1?

---

Mkokotozi

Aisee swali zuri kuliko yote humu. Hata 31 yenyewe ilipatikana hivyo, 31 ni 2^5 toa 1.

Jibu ni hapana, hiyo sio tasa, na kilichoiangusha ni sheria ileile ya maduara. Namba yenyewe ina tarakimu zaidi ya milioni 600, huwezi kuijaribu kwa njia ya Lehmer kirahisi. Lakini tunajua kigawo chake lazima kiwe na sura ya 2 mara k mara 2,147,483,647 jumlisha 1. Ukipandisha k taratibu, ukifika 68,745 unapata 295,257,526,626,031, na hiyo inaigawa sawasawa. Tarakimu 15 zimeangusha milioni mia sita.

Halafu kuna tarehe, nilitaka kuisema nikasahau. Kompyuta nyingi za zamani zinahesabu muda kwa sekunde tangu mwanzo wa 1970, kwenye nafasi hiyohiyo ya biti 32. Sekunde ya 2,147,483,647 itagonga tarehe 19 Januari 2038, kwa saa zetu za Afrika Mashariki saa 12 na dakika 14 na sekunde 7 asubuhi. Sekunde inayofuata mashine ambayo haijarekebishwa itaruka hasi mpaka Desemba 1901. Kama una mfumo unaotunza tarehe za mikopo ya miaka 15 au bima, tatizo tayari liko mlangoni, kaangalie safu zako leo. Na namba za simu hifadhini kama maandishi jamani, sio kama namba.

---

Mzee wa Ukweli

Marahaba kijana. Nimeridhika, na mjukuu wangu nimemtumia.

---

Mwl. Kidato

Mrejesho wa darasani. Leo nimeweka maduara ya 23 ubaoni, kidato cha tatu, halafu tukatumia ile njia ya Dada Tarakimu kuendelea pale Mkokotozi alipoishia. Baada ya 1489 wanafunzi wamepita 1551, 1737, 1799, 1985, 2047, 2233, 2295 na 2481, zote wamezitoa wenyewe kwamba sio tasa, na ile 2047 walipiga kelele wenyewe kwamba ni ya juzi. Inayofuata ni 2543. 32,768 toa 12×2543 inabaki 2252, binti mmoja wa nyuma akasema mwalimu 2252 ni kama kupungukiwa 291, tutumie 291 ni rahisi. Nilifurahi mno. 291×291 ni 84,681, toa 33×2543 inabaki 762, mara mbili 1,524, toa moja 1,523. Haigawi.

Kengele ikalia tukiwa tumeandika 2729. Wamebeba kwenda nayo nyumbani.

---

Kapu la Maswali

Mwalimu 2729 nimefanya mimi hapa dukani nyuma ya risiti. 32,768 toa 12×2729 inabaki 20. 20×20 ni 400. Mara mbili 800. Toa moja 799. Haigawi.